Trekta Inatikisika? Tafuta Nozeli Iliyoharibika

Usikubali kununuliwa nozeli zote kabla ya kipimo hiki, maana bei yake ni mavuno. Injini ikinguruma taratibu, legeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja, sikiliza, kaza, nenda nyingine. Ukilegeza nzima, injini huyumba zaidi. Ukilegeza mbovu, mlio haubadiliki. Ila silinda isiyo na kompresheni hujibu vivyo hivyo, kwa hiyo tunashauri fundi abadilishe nafasi ya nozeli hiyo na jirani yake: tatizo likihama nayo, mmempata mkorofi.

Hii ni kwa trekta za zamani tu. Injini za kompyuta usizilegeze. Na mkono kaa nao mbali: dizeli ya nozeli hutoboa ngozi. Hata tundu dogo kama la sindano, wahi hospitali.