Kabla ya Kushusha Giaboksi ya 240Z

Datsun 240Z ina heshima yake Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa na gari hilo, na Shekhar Mehta akafuata katika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta, akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Gari lililohimili tope na makorongo ya mashindano yale halikuwa na giaboksi legelege. Ndiyo maana inasikitisha kuona jinsi magari hayo, ambayo sasa yamefikisha nusu karne, yanavyohukumiwa haraka: gia ikikwaruza, au kishindo kikisikika chini ya sakafu, shauri la kwanza ni kushusha giaboksi. Shauri hilo lilipaswa kuwa la mwisho, kwa sababu makosa mengi inayosingiziwa giaboksi yanatoka nje yake.

Chukua gia inayokwaruza. Gia za mbele zina sinkro, yaani pete, kwa kawaida za shaba, zinazosawazisha kasi kabla meno hayajashikana. Rivasi haina, na kwa hiyo ndiyo shahidi mwaminifu kuliko zote. Gari likiwa limesimama na injini inazunguka polepole, kanyaga klachi hadi mwisho, subiri sekunde kadhaa, kisha tia rivasi. Klachi ikiwa imeachia sawasawa, gia za ndani zitakuwa zimetulia na rivasi itaingia kimya. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi bado inaburuza, na hakuna sinkro mpya itakayoponya hilo. Klachi ya 240Z husukumwa kwa mafuta ya breki, kutoka silinda iliyo juu ya pedali hadi silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi. Mipira ya ndani ikichoka, pedali huenda mwendo wake wote ilhali uma wa klachi umesogea kidogo tu. Silinda zote mbili hufunguliwa bila kuishusha giaboksi. Kagua pia oili: ile ya daraja la GL-5 iliyokusudiwa difu huweza kuwa telezi mno kwa sinkro, na baadhi ya viambato vyake vya salfa hula shaba. Kumwaga na kujaza GL-4 ni gharama ndogo.

Mlio nao hupelelezeka. Gari likiwa nyutro, mlio unaopotea unapokanyaga klachi uko ndani ya giaboksi. Unaoanza unapokanyaga ni wa beringi ya klachi. Gia ya nne hupeleka nguvu moja kwa moja bila kuilemea shafti ya chini, hivyo mlio wa gia ya pili na ya tatu unaonyamaza kwenye ya nne unaielekezea shaka shafti hiyo na beringi zake. Ama kishindo kile maarufu cha 240Z wakati wa kuondoka, mara nyingi ni mpira unaoshikilia pua ya difu. Inua pua kwa jeki taratibu: mpira ukiachana na kufunua pengo, umempata mkosaji, tena mbali na giaboksi.

Wapo mafundi watakaosema gari la umri huo lazima limechakaa ndani, basi heri kufungua mara moja na kubadilisha kila kitu. Hoja hiyo inachukulia kwamba kufungua hakuna madhara. Kasha la giaboksi ni la alumini, na nyuzi za bolti zake huliwa kwa urahisi. Baya zaidi, kola inayobeba beringi ya klachi ilitengenezwa kwa urefu tofauti kulingana na aina ya klachi. Anayenunua klachi ya modeli iliyofuata na kuiweka juu ya kola ya zamani huweza kurudisha gari likiwa na klachi isiyoachia, ugonjwa uleule alioshusha giaboksi kuutibu, na safari hii ameutengeneza mwenyewe.

Hoja nzito zaidi ni ya ucheleweshaji: kuendelea kuendesha huku ukichunguza kunaweza kuvunja meno yaliyokuwa yamepata ufa tu. Ni kweli, na jibu lake limo ndani ya oili ileile. Imwage kwenye chombo safi na upitishe sumaku. Unga laini wa rangi ya shaba, ambao sumaku haiudaki, ni sinkro zinazolika, na hilo linasubiri vipimo vingine. Lakini sumaku ikitoka na vipande vya chuma vyenye ncha, sina ubishi na fundi: gari lisisogee hata hatua moja mpaka giaboksi ifunguliwe.