Mazuku, babula na javel: kemia ya darasa la saba ambayo Kivu haiwezi kuiacha ubaoni

Alfajiri, kandokando ya ziwa Kivu, upande wa magharibi mwa Goma, si ajabu kukuta mbuzi amekufa ndani ya shimo dogo katikati ya mawe ya volkeno. Hana jeraha, hakuumwa na nyoka, wala hakuna damu chini. Wakaaji wa Bulengo na wa njia ya Sake hawahitaji kuelezwa. Wanasema tu: ni mazuku.

Neno hilo limesafiri mbali. Wataalamu wa volkeno wa nchi mbalimbali wanaliandika hivyo hivyo, mazuku, katika maandishi yao ya kisayansi. Lakini watoto wengi wanaolijua tangu utotoni hawajaambiwa kwamba maelezo yake yamo ndani ya daftari lao la sayansi, kwenye somo la maada, pale panapoandikwa: kuna yabisi, kuna kimiminika, kuna gesi.

Somo hilo linafundishwa katika mwaka wa saba na wa nane wa elimu ya msingi. Katika shule nyingi za mashariki mwa Congo hakuna laboratwari, kwa hiyo mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, wanakariri kwa ajili ya mtihani, kisha wanasahau. Hasara yake si alama peke yake. Mambo yanayoelezwa katika kurasa hizo yako jikoni, ziwani, kwenye machimbo ya dhahabu na kandokando ya barabara, na kila mwaka kuna watu yanaowaua.

Gesi nayo ni kitu, ina uzito

Maada ni kila kitu chenye uzito na kinachochukua nafasi. Jiwe ni maada, maji ni maada. Kinachowapa wanafunzi shida ni hewa, kwa sababu haionekani wala haishikiki. Kumbe hewa nayo ni maada: karibu asilimia 78 ni nitrojeni, asilimia 21 ni oksijeni, na sehemu ndogo iliyobaki ni gesi nyingine. Kaboni dioksidi, ile tunayoitoa tunapopumua, ni kama asilimia 0,04 tu.

Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka chini ya ardhi, katika nyufa za eneo la volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo haipandi kama moshi. Inatambaa chini, inatafuta mabonde na mashimo, na inatulia humo kama maji ndani ya beseni. Mchana, jua na upepo vinaitawanya. Usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo na ardhi imepoa, inajaa.

Ndiyo maana mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama pahali ambapo mbuzi amekufa. Kichwa cha mtu kiko juu ya gesi, cha mbuzi kiko ndani yake. Mtoto mdogo, mtu aliyeinama kuokota kuni, au aliyelala chini yuko katika hatari sawa na ya mbuzi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ikifika karibu asilimia 10 ya hewa mtu anayovuta, inaweza kumfanya apoteze fahamu ndani ya dakika chache.

Hapo ndipo vifo vinapofuatana: mmoja anaanguka, ndugu yake anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Anayeelewa kwamba shimo limejaa gesi kama vile kisima kinavyojaa maji hatashuka mbio. Atabaki juu, ataita watu, na kama kamba au mti mrefu unafika, atamvuta mwenzake bila yeye kuingia.

Jaribio la mshumaa

Kuonyesha jambo hili darasani hakuhitaji laboratwari. Kunahitaji vinegre, bikarbonati ya kupikia, mshumaa mfupi, chombo kirefu na kopo la maji karibu.

Mwalimu anaweka vijiko vinne vya vinegre ndani ya chombo, kisha kijiko kimoja cha bikarbonati. Povu linapanda: vitu viwili vimekutana na vinatengeneza kitu kipya, kaboni dioksidi. Povu likishuka, chombo kinaonekana kama kina kimiminika kidogo tu chini. Mwalimu anakiinamisha polepole juu ya mshumaa unaowaka, bila kumwaga kimiminika. Hakuna kinachoonekana kutoka, lakini mwali unazimika.

Katika dakika hiyo moja mwanafunzi anaona mambo matatu ambayo ubao hauwezi kumwonyesha: gesi inaweza kumiminwa kama maji, moto unakosa oksijeni, na kisichoonekana si kwamba hakipo. Ukimwambia baada ya hapo kwamba mazuku ni hiyo hiyo, hatasahau.

Lakini onyo moja lazima lifuate hapo hapo. Mshumaa wa darasani si kipimo cha kushukia shimoni. Gesi inaweza kuanza kumdhuru mtu kabla mwali haujazimika, na ziko gesi nyingine zenye sumu ambazo hazizimi moto hata kidogo. Moja ya hizo inatoka kwenye babula.

Kuyeyuka si kuungua

Mlango wa pili wa somo ni mabadiliko. Sukari ikiingia ndani ya chai inapotea machoni, lakini ladha inaonyesha kwamba bado ni sukari. Maji yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke ukipoa unarudi kuwa maji. Hayo ni mabadiliko ya umbo. Kuni zikiungua zinakuwa majivu, moshi na gesi, na hakuna anayeweza kurudisha majivu kuwa kuni. Hayo ni mabadiliko ya kikemia: kitu cha zamani kimekwisha, kipya kimezaliwa.

Ziwa Kivu lina yote mawili. Katika vilindi vyake, ambavyo vinafika karibu mita 485, kuna takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za metani, zilizoyeyuka ndani ya maji chini ya mgandamizo mkubwa. Ni kama chupa ya Fanta: ikiwa imefungwa, gesi haionekani, ikifunguliwa, inatoka kwa povu. Gesi kuyeyuka ndani ya maji na kutoka ni mabadiliko ya umbo. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unaivuta metani hiyo na kuichoma ili kutoa megawati 26 za umeme. Kuichoma ni mabadiliko ya kikemia.

Yaliyotokea Cameroun yanaonyesha kwa nini mabadiliko ya umbo nayo si mchezo. Tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos lilitoa kwa ghafla kaboni dioksidi iliyokuwa ndani ya maji yake. Gesi ilishuka mabondeni usiku na kuua watu karibu 1.700. Yalikuwa mazuku, lakini ya ukubwa wa wilaya nzima.

Babula ndani ya chumba

Goma, Bukavu na Butembo ni miji ya milimani. Jioni ya mvua, baridi inaingia, na watu wanaingiza babula ndani ya nyumba, wanafunga mlango na dirisha. Makala yamekwisha kuwa mekundu, hakuna moshi, kwa hiyo wanadhani hakuna hatari.

Makala yakipata hewa ya kutosha, kaboni inaungana na oksijeni na kuwa kaboni dioksidi. Hewa ikipungua, kazi inaishia njiani na inatoka gesi nyingine, kaboni monoksidi. Hii haina harufu wala rangi, na haihitaji kuwa nyingi. Inashika damu, pahali pale pale ambapo oksijeni ingekaa, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mwili unakosa pumzi wakati kifua bado kinapanda na kushuka.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, usingizi mzito. Familia nyingi zinadhani ni malaria au chakula kibaya. Wengine wanadhani ni uchawi. Alama moja inasaidia: watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja karibu na moto, watolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali. Babula inawashwa nje na inabaki nje. Dirisha lililofunguliwa kidogo si kinga.

Dhahabu inabaki, zebaki inaondoka

Katika machimbo kama ya Kamituga, Kivu ya Kusini, au Mongbwalu, Ituri, wachimbaji wanachanganya mchanga wenye dhahabu na zebaki, ambayo wao wanaiita mercure. Zebaki inashikamana na chembe za dhahabu. Kisha donge linawekwa juu ya moto, na dhahabu inabaki peke yake.

Swali la mtihani lingekuwa: zebaki imekwenda wapi? Haikuungua. Inachemka kwenye digrii 357 na kuwa mvuke, na mvuke huo ni zebaki ile ile, sasa ikiwa hewani. Aliyeinama juu ya moto anaivuta. Iliyobaki inapoa na kukaa juu ya kuta, nguo na vyombo. Pahali ambapo donge linachomwa jikoni, mama na watoto wanavuta pamoja naye. Zebaki inaharibu mishipa ya fahamu na figo, na inamfikia hata mtoto aliye tumboni.

Mkataba wa kimataifa wa kupunguza matumizi yake ulipitishwa mwaka 2013 na kupewa jina la Minamata, mji wa Japani ambao watu wake walipata sumu hiyo kwa kula samaki. Lakini kabla ya mkataba wowote kufika machimboni, sheria moja ya laboratwari ingeweza kutangulia: kinachotoa mvuke wenye sumu hakichomwi ndani ya nyumba, wala karibu na watoto.

Javel, esanse na chupa zisizo na jina

Katika miji inayojua kipindupindu, javel ni rafiki. Peke yake na maji, inaua vijidudu. Ikichanganywa na asidi, kama vinegre, maji ya limau au dawa kali za kusafisha choo, inatoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Ikikutana na amonia, ikiwemo ile ya mikojo ndani ya choo, inatoa gesi nyingine zinazochoma macho na mapafu. Anayedhani kwamba dawa mbili zikichanganywa zinasafisha zaidi anatengeneza sumu chooni, huku mlango umefungwa.

Esanse nayo inafundisha sura yake. Kinachowaka kwanza si kimiminika, ni mvuke wake, na mvuke huo ni mzito, unatambaa chini hadi kwenye moto ulio mbali. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia Goma. Siku chache baadaye, kituo cha mafuta kililipuka wakati watu walipokuwa wakichota humo, na makumi yao wakafa. Leo bado mafuta yanauzwa barabarani kwa bidoni na chupa za plastiki, na jioni mshumaa au babula iko hatua chache tu kutoka pale.

Chupa hizo zina hatari nyingine. Esanse, asidi ya batri au javel ikiwekwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, mtoto mwenye kiu hataona tofauti.

Kanuni za laboratwari, bila laboratwari

Kanuni ambazo vitabu vinaziandika kwa ajili ya laboratwari ni chache, na zote zina nyumba ya kwenda:

- Usionje wala kunusa kwa karibu kitu usichokijua.
- Kila chombo kiandikwe jina la kilichomo, na kisiwe chombo cha chakula.
- Usichanganye vitu viwili ili kuona tu kitakachotokea.
- Moto na gesi vinahitaji hewa wazi.
- Unapopunguza makali ya asidi, mimina asidi polepole ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, kwa sababu joto linarusha matone usoni.
- Asidi au javel ikigusa jicho au ngozi, osha kwa maji mengi safi kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali.
- Mwenzako akianguka kwa gesi, kwanza jiulize yeye ameangushwa na nini.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayodai mashine au pesa nyingi. Zinadai mwalimu mwenye dakika kumi, mshumaa na vinegre, na mwanafunzi atakayerudi nyumbani jioni na kumwambia mama yake kwa nini babula lazima itoke nje kabla ya watu kulala.