Barafu Inapopanda Mnarani

Kilele cha Mount Washington, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, kina mita 1,917 tu, hakifikii hata theluthi moja ya Kilimanjaro. Hata hivyo, tarehe 12 Aprili 1934 ulipimwa hapo upepo wa kilomita 372 kwa saa, na majira ya baridi kilele hicho huwa miongoni mwa mahali pagumu kabisa kwa binadamu kufanyia kazi. Ndipo zinapotokea sauti za WHOM, kituo cha FM kinachosikika katika mabonde ya New Hampshire, Maine na Vermont.

Mitambo imepandishwa huko kwa sababu mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Antena ikikaa juu, vilima vichache ndivyo vitakavyoizuia. Shida ni kwamba mawingu nayo hupita humo humo. Matone yake, ingawa yako chini ya nyuzi sifuri, hubaki maji mpaka yaguse kitu. Yakigusa chuma yanaganda papo hapo. Tone juu ya tone, barafu nyeupe huota kuelekea upande upepo unakotoka, ikijipanga kama manyoya ya ndege, hadi nguzo nyembamba inageuka gogo.

Wengi hudhani kuwa theluji inayoanguka ndiyo inayoziba matangazo. Sivyo. Mawimbi ya redio, ya FM na ya AM, hupenya theluji bila taabu kubwa. Kinachoumia ni vifaa, umeme na barabara.

Tuanze na antena. Vipimo vyake vimelinganishwa na masafa ya kituo. Ikivikwa barafu, ulinganifu huo unavurugika, na sehemu ya nguvu iliyopaswa kwenda hewani inarudi chini kwenye mtambo. Mtambo wa kisasa hujilinda kwa kupunguza nguvu au kujizima kabisa. Aliye mbali anasikia mkwaruzo, halafu kimya, na huenda akadhani redio yake imeharibika. Ndiyo maana kwenye nchi za baridi antena hufunikwa kwa maganda ya fibaglasi au huwekewa vipasha joto.

Halafu kuna uzito. Waya wa chuma wenye unene wa sentimita 2.5, ukizungukwa na barafu ngumu ya unene huo huo kila upande, unaongezewa kama kilo tatu na nusu kwa kila mita. Waya wa mita 400 unabeba karibu tani moja na nusu ya ziada, na mnara mrefu hushikiliwa na nyaya nyingi za aina hiyo. Mzigo huo ukitulia, mnara unaweza kustahimili. Hatari huzidi upepo unapoanza kuutikisa, au barafu inapoyeyuka na kudondoka upande mmoja huku mwingine ukibaki na mzigo wake.

Tarehe 19 Machi 1969, kule Emley Moor kaskazini mwa Uingereza, mnara wa televisheni wenye zaidi ya mita 380 ulianguka baada ya barafu na mtikisiko wa upepo kuuchosha. Nyaya zake zilikata kanisa dogo la jirani na kuziba barabara, lakini hakuna aliyejeruhiwa. Miaka 20 baadaye, tarehe 10 Desemba 1989, minara miwili ya televisheni karibu na Raleigh, North Carolina, kila mmoja ukiwa na takriban mita 600, iliporomoka siku moja kwa sababu ya barafu. Redio hutegemea minara ya aina hiyo hiyo, na mara nyingi hupanga nafasi kwenye minara ya televisheni.

Mnara ukisimama imara, bado kuna umeme. Januari 1998 mvua ya kuganda ilinyesha kwa siku kadhaa mashariki mwa Canada na kaskazini mashariki mwa Marekani. Hewa ya juu ilikuwa na joto la kutosha kuleta mvua, ile ya chini ilikuwa baridi ya kuigandisha ilipogusa tawi au waya. Minara mikubwa ya umeme ilijikunja, nguzo za mbao zikavunjika kwa maelfu. Katika Quebec peke yake zaidi ya watu milioni 3 walikaa gizani, wengine kwa wiki kadhaa. Maine, zaidi ya nusu ya wakazi walikosa umeme.

Siku hizo redio ya betri ilikuwa na thamani kuliko friji. Watu walitaka kujua ukumbi gani umefunguliwa na una joto, barabara gani inapitika, maji gani ni salama. Lakini kituo chenyewe kilihitaji jenereta, na jenereta ilihitaji dizeli. Kwenye baridi kali dizeli isiyoandaliwa hutoa chembe za nta zinazoziba chujio. Lori la mafuta nalo linasubiri barabara ifunguliwe. Mtangazaji wa zamu inayofuata hafiki, kwa hiyo aliyepo anaendelea, na usiku analala studio. Kama vipindi vinapokelewa kwa setilaiti, mtu lazima atoke nje na mfagio, apanguse theluji iliyojaa kwenye dishi.

Simu za mkononi hazijaondoa haja ya redio. Minara yake inategemea umeme na betri vilevile. Februari 2021 baridi ilipolikumba jimbo la Texas, zaidi ya nyumba na biashara milioni 4 zilizimikiwa umeme. Kituo cha mahali chenye mafuta ya kutosha, na mtu hai mbele ya maikrofoni anayejua jina la kila mtaa, hakina mbadala kwa saa kama hizo. Wamiliki wanaobana gharama kwa kuacha studio tupu na kuleta vipindi kutoka mbali wanapaswa kulipima hilo.

Jambo hili linawagusa pia wasemaji wa Kiswahili. Portland na Lewiston, miji ya Maine, sasa ni makazi ya familia nyingi kutoka Kongo, na wengine wametoka Burundi na Rwanda. Katika dhoruba ya 1998 baadhi ya vifo vilitokana na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, kwa kuwa watu waliwasha jenereta au majiko ndani ya nyumba. Anayetoka mahali ambapo jiko la mkaa hupikiwa uani penye hewa anaweza kuliingiza sebuleni kwa nia njema, madirisha yote yakiwa yamefungwa kuzuia baridi. Tangazo la nusu dakika kwa Kiswahili kwamba jenereta ikae nje, mbali na dirisha, na mkaa usiwashwe ndani kamwe, lirekodiwe mapema, liwekwe tayari studio kabla theluji ya kwanza haijaanguka.