Ratiba Ngumu au Nyepesi: Mtihani wa Timu za Vyuo Vikuu Marekani

Katika kandanda ya Kimarekani, ile inayochezwa kwa mpira wenye umbo la yai, timu ya chuo kikuu hucheza mechi 12 za msimu wa kawaida. Mechi nane au tisa hupangwa na ligi ambayo chuo ni mwanachama, kama vile SEC au Big Ten. Zinazosalia huchaguliwa na chuo chenyewe, mara nyingi kwa mikataba inayosainiwa miaka kadhaa kabla. Je, chuo kichague wapinzani wa kiwango gani?

Uamuzi huo una uzito kwa sababu, tangu msimu wa 2024, timu 12 pekee huingia katika mtoano wa kuwania ubingwa wa taifa. Kamati ya uteuzi hupima idadi ya ushindi pamoja na ubora wa wapinzani, na vigezo hivyo viwili huweza kukinzana.

Mwaka 2024, Indiana ilichagua wapinzani wepesi: Florida International, Western Illinois na Charlotte. Ilishinda zote, ikamaliza msimu kwa ushindi wa mechi 11 na kushindwa moja, ikateuliwa. Mwaka 2025, Texas ilifungua msimu ugenini dhidi ya bingwa mtetezi, Ohio State, ikafungwa 14-7. Baada ya kupoteza pia mechi mbili za ligi, iliachwa nje. Kwa kuyatazama matukio hayo mawili, kiongozi wa michezo anaweza kuamini kwamba ujasiri hauna malipo.

Hata hivyo, mpinzani mwepesi si dhamana ya ushindi. Mwaka 2007, Michigan ilifungwa 34-32 nyumbani na Appalachian State, timu ya daraja la chini. Mwaka 2024, Notre Dame nayo ilifungwa 16-14 na Northern Illinois. Tofauti ni kwamba wiki moja kabla, Notre Dame ilikuwa imeishinda Texas A&M ugenini kwa 23-13. Ikiwa na ushindi huo mkubwa wa kuonyesha, na kwa kutopoteza tena mechi za msimu wa kawaida, iliingia katika mtoano na kufika fainali.

Vyuo vidogo navyo vina maslahi yake. Hulipwa kwa kukubali kusafiri kucheza na vigogo, na malipo hayo husaidia kugharimia michezo mingine chuoni.

Kwa timu yenye matumaini ya ubingwa, ratiba ya busara ni ile yenye mpinzani mmoja mwenye nguvu, na wengine wa kiwango cha kati au cha chini. Ushindi dhidi ya mpinzani huyo huipa timu hoja mbele ya kamati. Kushindwa mara moja huweza kufidiwa katika ligi. Wapinzani watatu wa aina hiyo ni hatari, na kukosa hata mmoja huiacha timu bila ushahidi wa uwezo wake.

SEC imeelekea huko huko: kuanzia msimu wa 2026, kila mwanachama hucheza mechi tisa za ligi na kutakiwa kukutana na angalau mpinzani mmoja kutoka ligi nyingine kubwa, au Notre Dame.