Fahamu: Namba tasa ya tarakimu milioni 41 ina faida gani?

Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, kisha utoe 1. Ina tarakimu 41,024,320, na haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kipeo kuwa tasa hakutoshi kuifanya namba ya aina hii iwe tasa. 2 kwa kipeo cha 11, ukitoa 1, ni 2,047, yaani 23 mara 89. Kwa hiyo kila namba ya aina hii lazima ipimwe.

Wapo wanaosema kusaka namba hizi kwa kompyuta ni kupoteza umeme, kwani usimbaji wa benki hutumia namba tasa ndogo mno kuliko hii. Ni kweli. Ila hesabu hizi hazivumilii kosa hata moja: mwaka 2016, programu inayosaka namba hizi ilisaidia kufichua hitilafu katika prosesa za Intel. Faida ipo katika kuisaka.