Hita Ikipuliza Baridi kwenye Njia ya Mpofi

Ukitoka Sake, ukapanda Masisi na kupita Nyabiondo hadi Mpofi asubuhi ya mvua, hita si anasa. Ndiyo inayoondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Ikipuliza baridi, mkono mmoja unashika usukani, wa pili kitambaa.

Kabla hujatoa dola hata moja, fungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa. Maji yakipungua, hita hukosa moto mapema. Kuongeza maji ni bure, ila ukiongeza kila wiki, kuna panapovuja. Maji ya kijito huleta kutu na tope. Kulanti ni ghali zaidi lakini inajilipa, maana huchelewa kuchemka: kwenye mita 1,500, kimo cha Goma, maji ya sufuriani huchemka karibu nyuzi 95.

Maji yamejaa? Washa injini ipate moto, kisha gusa kwa tahadhari mipira miwili inayopita ukuta wa nyuma ya injini kuingia chini ya dashibodi. Yote ikiwa moto, tatizo ni waya au kilango cha hewa, kazi ya bisibisi. Mmoja moto na mwingine baridi: koki ya hita imefungwa, au rejeta yake ndogo imeziba. Mwambie fundi aisafishe kwa kusukuma maji kinyumenyume. Hapo unalipa mkono wake tu. Kuibadilisha ndiko kunakokausha mfuko, maana kwenye magari mengi dashibodi nzima hushushwa. Ikivuja na huna pesa, iungwe mipira hiyo miwili pamoja: utafika, bila joto.

Yote ikiwa vuguvugu na mshale wa joto haupandi, ulizia themostati. Hapa nina ugomvi na mafundi wetu. Wakiogopa injini kuchemka, huing'oa na kuitupa, na mteja anashukuru kwa kazi ya bei ndogo. Injini isiyopata joto lake hula mafuta zaidi kila safari, na huku juu mafuta hayakuwahi kuwa rahisi.

Vipuri hutoka Goma, na njia hukatika kwa tope au kwa vita. Ukifika huko, nunua themostati na gasketi yake kabla ya kitu kingine chochote. Itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka: nyingi za Toyota hufunguka karibu nyuzi 82. Isiyofunguka, irudishe dukani siku hiyohiyo.