Theluji kwa Mtu wa Kolwezi: Dola Ziende Wapi?

Kolwezi ina baridi ya Juni, theluji haina. Anayeitaka aamue kwanza: anataka kuteleza, au kupanda?

Wa kuteleza aende Afriski, Lesotho, juu ya mita 3,000, kati ya Juni na Agosti. Skii hukodishwa hapo hapo na walimu wapo. Ila mteremko mkuu ni wa kilomita moja hivi, na theluji yake nyingi hutengenezwa kwa mashine; ukitoka pembeni unakuta mawe na majani. Kitakachokula pesa ni safari, maana Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote.

Kwa wa kupanda, milima ya Ruwenzori ni yetu nusu, sisi Wakongo: kilele cha Margherita, mita 5,109, kiko mpakani na Uganda. Njia ya Mutwanga, upande wa Kongo, siishauri, kwa hali ya usalama ya eneo la Beni. Pitia Kilembe, Uganda, uwe na wiki nzima, buti za matope, na kiongozi wa kukufunga kamba kwenye barafu.

Kilimanjaro, mita 5,895, haihitaji kamba kwa njia za kawaida. (Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Furtwängler na König, walipanda kilele chake cha Kibo na skii zao, lakini barafu ya leo imebaki vipande.) Hapa ndipo penye mtego wa bei. Kwa mgeni, hifadhi hutoza dola 70 kwa siku, 50 kwa usiku wa hema, 20 za uokoaji, na kodi ya asilimia 18 juu yake. Njia ya Machame kwa siku saba inafika karibu 956 kabla hujalipa mtu yeyote. Sasa ukiuziwa safari hiyo kwa 1,100, zile 144 zinamlipa kiongozi, mpishi na wagumu wanaobeba mizigo, na chakula cha wote? Haiwezekani, kuna anayepunjwa.

Njia ya Marangu kwa siku tano, kwenye vibanda, ina ada ya karibu 720. Mimi singeichukua: mwili haupati muda wa kuzoea hewa nyepesi, na ukirudishwa njiani ada haikurudii.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na raia wa Jumuiya wana ada yao hapo Kilimanjaro, ndogo mno. Dai jibu la maandishi kama pasipoti yako inahesabiwa, kabla ya kutuma hata dola moja.